Mume Wangu Hakuwa Mzembe

Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo.

Mwenyekiti amenisimamisha kwa sababu leo kikundi chetu kimeletewa ombi. Kuna wazazi humu wanataka kukopa wawapeleke vijana wao Dar es Salaam wakasomee udereva wa malori. Akaniambia, "Dada, kabla hatujapitisha, sema wewe kwanza." Nikamwambia sitaweza, nitalia. Akasema, "Ulie, lakini useme." Basi mtanivumilia.

Majina sitataja. Wengine mtawajua tu, maana kijiji chetu hiki cha Baleni siyo kikubwa.

Mume wangu mlimjua. Ndiye aliyekuwa akiendesha Kenta, lile lori dogo la baba mkwe, anachukua nazi zenu hapa na kuzipeleka bandarini Kilindoni. Alikuwa anawabeba wagonjwa bila kuulizwa. Mimi mwenyewe alinifundisha gari kwenye Kenta hiyo hiyo, nikapata leseni ya gari dogo, watu wakanicheka. Yeye akawa anasema, "Wacheni wacheke, siku nikiumwa nazi zitakwenda." Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari makubwa. Yale ya matela marefu, yanayokwenda Mbeya na kuvuka mpaka. Akasikia kuna chuo Dar kinachotoa cheti haraka. Haraka! Hilo neno ndilo lililomvuta. Alisema hataki kukaa mbali nami na mtoto muda mrefu, kwa hiyo kinachomaliza haraka ndicho kizuri. Na mimi niliona hivyo hivyo, sikuona ubaya. Nani kati yetu angeona? Hapa kwetu hakuna aliyewahi kukisomea kitu hicho, tungemuuliza nani?

Akiwa huko akanitumia picha kwenye simu. Amekaa kwenye usukani wa lori kubwa, mkono nje ya dirisha, anacheka. Nikaenda nayo Kilindoni wakanisafishia, nikaitundika ukutani. Kila mgeni aliyeingia nilimwonyesha.

Cheti kikatoka, leseni ikapandishwa daraja, akaanza kutafuta kazi. Kampuni nyingi zilimkataa kwa kuwa hana uzoefu. Moja ikamchukua. Alinipigia simu siku hiyo kwa furaha ambayo sijaisahau. Alisema, "Wamenizungusha uani mara moja tu, mke wangu, wakanipa funguo!" Na mimi nikapiga kigelegele kwenye simu. Ndugu zangu, nawaambia, nilikipigia kigelegele kitu ambacho kilipaswa kututisha.

Sasa nisikilizeni. Kisiwa chetu cha Mafia ni tambarare. Hapa gari likizimika linasimama pale pale lilipozimikia. Mume wangu alizaliwa hapa, akakulia hapa, akajifunzia gari hapa. Mlima alikuwa akiuona kwenye televisheni.

Safari yake ya kwanza akapewa mzigo wa saruji kuelekea Mbeya. Peke yake. Alinipigia mchana, amesimama mahali anakula.

"Wenzangu hapa wananiambia mbele kuna mlima Kitonga," akasema. "Kwenda ni kupanda. Wanasema cha kuogopa ni kushuka."

Nikamuuliza, "Umeshawahi kushuka mlima na gari hilo?"

"Nishukie wapi, bibie? Hapo kisiwani Chole?" Akacheka. Nami nikacheka.

Kwenda alipanda salama. Akashusha saruji Mbeya, akapakiwa mahindi ya kurudi nayo, mzigo mzito. Alipokaribia mteremko akapiga simu tena. Safari hii hakucheka sana.

Nikamwambia, "Mwombe mmoja wa hao wenzako akushushie."

"Kila mtu ana gari lake. Na bosi kapiga, anauliza kwa nini nimesimama. Nitakwenda polepole tu. Breki zipo."

Breki zipo. Ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake.

Sitasimulia jinsi alivyoletwa. Wengi mlikuwepo bandarini boti ilipoingia kutoka bara, Nyamisati. Mliniona. Mimi sijioni, siku ile siikumbuki vizuri mpaka leo.

Kitu kimoja nakikumbuka. Ofisini kwao walimtuma mtu aje na maiti. Kijana ana shati safi, hana ubaya usoni. Baada ya mazishi watu wakamuuliza ilikuwaje. Akajibu mbele ya wazee, mimi niko ndani na dirisha liko wazi: "Gari lilikuwa zima. Marehemu alikuwa mzembe tu, Mungu amsamehe. Aliliachia gari mteremkoni."

Mzembe. Yule mtu aliyekuwa akiosha matairi ya Kenta kwa mikono yake. Nikataka kutoka niseme siyo kweli, lakini ningesema nini? Mimi najua nini kuhusu lori? Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliinamisha kichwa tu, na toka siku ile akawa anatembea hivyo hivyo, kichwa chini.

Neno lile likaenea. Watu wa huku siyo wabaya, lakini neno likishatoka halina mwenyewe. Nikakaa eda, na eda ikaisha, lakini mimi sikutoka. Siogi mpaka nisukumwe. Chakula nakiangalia. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa akimvisha mwanangu na kumpeleka chuoni kwa ustadhi.

Siku moja binti yangu akarudi kutoka chuoni, hakuvua hata ushungi. Akasimama mlangoni.

"Mama, eti baba alilala kwenye usukani?"

"Nani kakwambia?"

"Watoto. Wanasema baba alikuwa mzembe ndiyo maana akafa. Ni kweli?"

Nilitaka kusema hapana, na sikuwa na hakika. Mtoto akaniangalia, akangoja, akachoka kungoja, akaenda nje. Hapo ndipo nilipokuwa chini kabisa. Kumzika mume wangu kulikuwa kuzito, lakini kushindwa kumtetea mbele ya mwanawe kulikuwa kuzito zaidi.

Nikaamka nikaoga. Nikaenda kwa baba mkwe.

"Baba, nataka kwenda Dar."

"Kufanya nini, mwanangu?"

"Kujifunza gari lile."

Nilidhani atanifukuza. Mjane, mwanamke, lori! Akasema, "Lile lililomuua?"

"Ndiyo, baba. Nataka nijue alikosea nini."

Macho yake yakajaa. Akasema, "Nenda. Na ukishajua, chochote utakachokijua, uje uniambie mimi kwanza."

Kwanza nilikwenda kwenye chuo kile kile alichosoma. Nilitaka kupita alipopita. Wakanipokea vizuri, soda, kiti. Nikasema naomba kuliona gari la kujifunzia. Wakanipeleka nyuma ya jengo. Lilikuwepo. Ndugu zangu, lori lile lilikuwa limekaa juu ya mawe. Halina matairi upande mmoja, majani yameota mpaka kwenye bampa. Injini hamna. Kijana wa pale akanifungulia mlango akasema, "Panda, mama, nikupige picha. Wote wanapenda kupigwa hapa."

Nikaangalia ule mlango, ule usukani. Ni ule ule. Ile picha yangu ya ukutani, ambayo wageni wote niliwaonyesha, mume wangu amekaa kwenye gari ambalo halitembei.

Nikauliza, "Sasa wanajifunzia nini?" Akanionyesha gari dogo uwanjani, linazunguka makopo. "Udereva ni ule ule," akasema.

Nikatoka nikakaa ukingoni mwa barabara nikalia mpaka mama mmoja muuza maji akanipa maji bure.

Chuo cha pili nilikipata kwa kuuliza madereva wenyewe, wale wanaopumzika na malori yao. Niliwauliza wote swali moja: mwanao ungempeleka wapi? Wakanitajia pa mzee mmoja dereva mstaafu, njia ya Morogoro. Si pazuri kwa macho, mabati tu, lakini lori lake lilikuwa bado na joto, ndiyo kwanza limetoka barabarani, na tela lake limejazwa mchanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Kwenu wapi?"

"Mafia."

"Kwenu kuna mlima?"

"Hakuna."

"Basi wewe utakaa na mimi muda mrefu kuliko wenzako," akasema. "Ukitaka cheti cha haraka, sikufai."

Nilikaa. Kuungua jua, kupaka grisi, kulala chini ya gari kutazama breki. Sikumwambia habari ya mume wangu. Mpaka siku aliyonipeleka kwenye mlima mwingine, siyo ule wa Kitonga, gari limejaa. Tulipofika juu, kabla ya kushuka, akasema, "Simama. Hapa ndipo kazi inapofanyika, siyo kule chini. Gia ambayo ungepandia mlima huu, shuka na hiyo hiyo. Ichague hapa juu, gari limetulia. Ukianza kushuka kwenye gia nyepesi, ya kukimbilia, breki utazikanyaga mpaka zipate moto, na zikipata moto hazishiki tena. Hata ziwe mpya. Na gia hapo haiingii tena."

Nikashika usukani. Breki zipo, alisema. Alizitegemea breki. Ndicho kitu pekee alichokuwa anakijua.

Nikamsimulia mwalimu yote pale pale juu, gari limesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alishawahi kushuka na mzigo, hata mara moja, na mtu kando yake?"

"Hapana."

"Basi hakuwa mzembe, mama. Hakufundishwa. Aliyempa funguo ndiye mzembe."

Sijui kila kilichotokea siku ile, nisiwadanganye. Mimi sikuwepo. Pengine hata breki zenyewe zilikuwa mbovu. Lakini najua kwamba mume wangu alipelekwa juu ya Kitonga bila neno ambalo mtu anaambiwa kwa dakika chache. Nililia, mwalimu akaniacha nilie. Halafu akasema, "Futa macho. Weka gia." Tukashuka.

Nilipomaliza nilipanda boti kuja kwa baba mkwe, kama alivyoniagiza. Nikamweleza kila kitu: lori la juu ya mawe, gia, breki. Ijumaa yake, baada ya sala, akaomba nafasi ya kusema. Sisi tulikuwa upande wa wanawake, tunasikia sauti tu. Mtu ambaye hakuwa akisema mbele za watu toka azike. Akasema, "Jamaa zangu, mwanangu hakuwa mzembe. Alipewa gari ambalo hakufundishwa. Naomba neno lile liishe leo." Akakaa. Binti yangu alikuwa kando yangu. Akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu anamsemea baba?" Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Anamsemea baba."

Kazi nayo niliitafuta hivyo hivyo, kwa kuuliza. Ofisi ya kwanza walikuwa na shida ya dereva, wakaniwekea funguo mezani: "Kesho unaondoka." Nikauliza nani atakaa nami safari za mwanzo. Bosi akacheka, "Barabara itakufundisha." Nikaziacha funguo pale pale mezani. Nilikuwa sina kazi, na niliziacha. Nilipokaa kungoja tena, nilijuta na sikujuta.

Ninapofanya kazi sasa walinipa dereva mkongwe nikakaa naye miezi. Na waliniambia siku ya kwanza: gari ukiliona baya, likatae, hatutakufukuza. Nimeshalikataa. Hawakunifukuza.

Kitonga niliushuka mara ya kwanza na mkongwe yule. Alikuwa anajua habari yangu, akaniuliza, "Nikushushie?" Nikasema hapana. Nikasimama juu, nikachagua gia, nikashuka taratibu, injini inaunguruma, breki nazigusa tu. Tulipofika chini nikaegesha. Nikateremka. Nikamsomea Fatiha. Halafu nikamwambia kwa sauti, na mwenzangu anasikia: "Ilikuwa gia tu, mume wangu. Ilikuwa gia tu." Nilidhani nikishauweza mlima ule moyo utapoa. Haukupoa. Mpaka leo kila nikipita hunichoma. Lakini naendesha, nasomesha mwanangu, na akiulizwa habari ya babake ana la kujibu.

Nawashukuru. Mama yangu kwa kunilelea. Baba mkwe, uliye pale nyuma, kwa kuniamini pale ambapo watu walikusema. Mwalimu wangu hayupo hapa, Mungu amjaze kheri. Na nyinyi wa kikundi hiki mlioniletea chakula ambacho sikukila, na mkaendelea kukileta.

Mkopo upitisheni. Sikusimama kuwazuia vijana. Ila mzazi, usikubali picha. Mwambie mwanao akuonyeshe gari likitembea, likiwa na mzigo, kwenye mlima, na mwalimu kando yake. Na ajira ya kwanza, asiulize kwanza atalipwa nini. Aulize nani atakaa naye. Wakimcheka, atoke.

Jumamosi narudi kazini na boti ya asubuhi. Mwenye kijana aliye tayari anipe, niondoke naye. Nitakwenda naye hadi chuoni, nitasimama naye pale mpaka waliwashe gari nilisikie.