Tembe Lisiloonekana Kutoka Angani

Ndani ya basi la kwenda Iguguno, abiria Urbano alijifanya amelala, maana anayelala ndiye husikia mengi. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana Eliya alikuwa akimwonyesha Mama Dorkas ramani ya picha za angani kwenye simu yake. "Kila alama nyekundu ni nyumba ya kale, mama. Yenye alama haivunjwi ovyo barabara ikipanuliwa."

"Na tembe la kwetu?"

"Hapo naona shamba tupu."

"Paa la tembe ni bapa, la udongo, mwanangu, ulitegemea bati? Hilo la njano ni nini?"

Eliya alikuza picha. Lilikuwa doa la mraba, pembe zake zimenyooka. "Mahindi!" alisema. "Yameanikwa juu ya paa!" Akaweka alama. Urbano alisahau usingizi wake, akachungulia. Kumbe simu inaona hadi mahindi ya watu!

"Picha ya lini?" Dorkas aliuliza, akiichukua simu.

"Mwaka juzi, mwezi wa saba."

"Basi aliyaanika mama yangu. Mavuno ya mwaka jana hayakumkuta hai."

Konda aligonga bati: Iguguno. Dorkas akashuka taratibu, simu bado mkononi, na Eliya akamfuata bila kumkumbusha airudishe.