Kola Moja Kabla ya Maji

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, na majirani mliobanana hapo mlangoni,

MAKARIBISHO
Karibu sana katika karakana yetu ya ushonaji. Tunajua uko njiani kwenda kuzindua usakafiaji wa nusu iliyobaki ya bonde la matete, huko juu ya mto, ili malori yapate maegesho. Ahsante kwa kutupitia. Anayekusomea ni Mama Vifungo, fundi wetu kwa miaka ishirini na mbili sasa, anayetembea kwa magongo. Tumemchagua yeye kwa makusudi.

TULIKOTOKA
Sisi huhesabu muda kwa nguo. Zamani mvua kubwa ikikatika, tulimaliza suruali nzima ndipo mto ubishe hodi. Mwaka juzi ikawa shati. Msimu huu ni kola moja tu, na viatu vimeshalowa!

TULICHOGUNDUA
Kwanza tuliilaumu mvua. Tukaweka ndoo uani, tukaipima misimu mitatu kwa tepu zetu: mvua ni ile ile. Kumbe! Basi tukafunga karakana, tukaufuata mto hadi bondeni. Fundi mapazia alimwaga kikombe cha maji kwenye matete, ardhi ikayanywa. Akamwaga kingine kwenye sakafu mpya, yakamkimbilia miguuni.

"Mmeona? Haya hayana pa kukaa, yanakuja kwetu!" alisema.

Tulirudia mara sita, tumeduwaa kama watoto.

CHANGAMOTO
Na sisi si malaika. Tulipozibua kalavati la nyuma tulitoa magunia manne.

"Jamani, hivi si vipande vya zile sare za shule?" mmoja wetu aliuliza.

Vilikuwa vyetu. Tuliona aibu, tumeacha kuvitupa humo. Kalavati ni safi, lakini kola bado ni moja.

Kola hushonwa kwa dakika tisa. Mama Vifungo hupanda ghorofani kwa dakika kumi na nne. Mara ya mwisho tulimbeba mgongoni, maji yakiwa kiunoni, na tuliogopa sana.

OMBI
Tunaomba bonde lililobaki liachiwe matete yake. Na kabla hujaenda kukata utepe, tafadhali panda na Mama Vifungo ngazi zile kumi na tisa, kwa mwendo wake. Fundi kola atabaki chini kwenye cherehani. Akimaliza atapaza sauti, nawe utaangalia mmefika ngazi ya ngapi.

Mungu akujalie subira ya kupanda na heri ya kushuka.

Ni sisi,
Mafundi Cherehani wa Karakana ya Chini.