Ukuta Niliokandika kwa Mkono Wangu

Sogeeni, wanangu, mketi upande mmoja. Kefa, usiegemee mlango kama mgeni anayetaka kuaga. Na wewe Loisi, sogeza kigoda chako karibu na kaka yako, hata kama hamsemeshani, maana sauti yangu imepungua na sitaweza kulisema neno moja mara mbili. Bwana Bashiri, rafiki yangu uliyetoka Kondoa kwa miguu kuja kunitazama, wewe ndiwe shahidi, nikipotoka, nirudishe.

Ya mali si marefu. Ng'ombe sita walioko kwa Bashiri, niliowaweka kwake ili ukame wa huku usiwamalize wote kwa mara moja, watatu ni wa Kefa na watatu ni wa Loisi, na asitokee mtu wa ukoo kusema binti hana fungu, kwa kuwa nimesema mbele ya shahidi nikiwa na akili zangu. Shamba la uwele la hapa Mvumi alime Kefa, na la mpunga kule Bahi alime Loisi aliyeolewa huko. Nyumba hii ya tembe msiigawe. Sababu yake ndiyo iliyonifanya niwaite, na ni lazima nianzie mbali, mnivumilie.

Mnajua kwamba miaka mingi kabla reli haijafika Dodoma nilichukuliwa na Mdachi mmoja mwenye miwani, mkusanyaji wa maneno, akanipeleka kwao nikawe mtu wa kuzungumza Kiswahili na Kigogo mbele ya vijana wa chuo kikuu waliokuwa wakijifunza lugha zetu. Nilikaa miaka mitatu. Habari za theluji na za viatu vilivyonitoa malengelenge niliwasimulia mpaka mkachoka. Ambalo sikuwasimulia ni kwamba saa zangu za kazi zilikuwa chache, nami sikuumbwa kukaa bure, basi nikaomba ruhusa ya kuketi nyuma katika madarasa mengine. Nikachagua mawili kwa sababu milango yake ilitazamana: asubuhi kuchora, alasiri falsafa, yaani elimu ya kuuliza swali mpaka swali lenyewe lichoke. Walimu wake hawakuwa wakiamkiana, na wanafunzi wa huku hawakuingia kule. Nafikiri katika jumba lile zima ni mimi peke yangu niliyevuka ujia ule kila siku, na nilifurahi kama ndama aliyepata mama wawili wa kunyonya.

Siku ya kwanza mwalimu wa kuchora aliniambia nichore ng'ombe. Nikachora pembe mbili, miguu minne, na ndama tumboni, kwa kuwa ng'ombe niliyemkumbuka, yule mwekundu wa marehemu baba yangu, alikuwa na mimba. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, chora linaloonwa na jicho, usichore unalolijua. Alasiri nikaivusha karatasi yangu ng'ambo ya ujia, na mwalimu wa falsafa akaitazama kwa muda mrefu, akaliacha somo aliloliandaa, akawauliza vijana wake: huyu ndama yumo au hayumo? Wakabishana mpaka jua likachwa. Hata leo nikilala hapa bado najiuliza jicho linaona nini na moyo unajua nini, na kati yao mwongo ni nani. Niliona kwamba mchoraji asiyeuliza huiga ngozi tu, na muulizaji asiyetazama hupiga soga na upepo. Sanduku langu nililorudi nalo halikuwa na kingine cha maana.

Na kuna jambo jingine. Vijana wale walichora kwa mkaa, na walipokosea walifuta kwa mkate. Mkate laini wa ngano, waliumega wakausugua juu ya karatasi mpaka ukawa mweusi, kisha wakautupa. Mimi niliyewahi kuchimba mizizi mwaka wa njaa niliyatazama makombo yale sakafuni nikaona aibu ambayo haikuwa yangu. Mwalimu alikuwa akiwakataza. Alisema, liache kosa lako lionekane, chora juu yake, kesho litakufundisha. Nilimpenda kwa neno lile, na ndilo nililolivunja.

Loisi, nipe maji kidogo. Basi, yatosha.

Miaka mitatu iliyopita, tulipokwisha kumzika mama yenu Ruthu, wewe Loisi ulichora sura yake kwa mkaa na majivu kwenye ukuta wa ndani. Nilikuonyesha mambo mawili matatu tu ulipokuwa mdogo; yaliyobaki ni yako. Kefa akasema mbele ya watu kwamba Mkristo hafanyi sanamu ya mfu. Mkabishana, nami nikasikiliza kwa raha. Jumapili iliyofuata ukuta ukakutwa umekandikwa udongo na samadi, picha haipo. Ukamshika kaka yako, akakana, ukasema mwenye kukana ndiye. Ukarudi Bahi, na tangu siku ile hujagusa mkaa, na watoto wenu hawajuani.

Ni mimi niliyekandika.

Kefa, usiinuke. Mlikuwa ibadani, nikachanganya udongo kwa mikono hii, na dini haikuwemo. Loisi alimchora mama yenu ameketi, shingo ameigeuza, macho ameyaelekeza mlangoni. Nikaiona miaka mitatu niliyofurahia madarasa huku yeye akilima peke yake, Kefa ukimshika nguo na Loisi uko tumboni. Maana mimi niliyemjua ndama wa ng'ombe sikujua kuwa naondoka mke wangu ana mimba. Niliporudi hakunilaumu. Nami, msomi wa maswali, sikumwuliza hata siku moja alikuwa akitazama nini. Niliogopa. Nikaufuta uso wake, kisha nikamwacha mwanangu abebe lawama, kwa kuwa alikwisha kusema maneno ya mwenye hatia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimekitangulia kwa hatua moja tu. Nisamehe, Kefa. Nisamehe, Loisi. Sisemi iwe leo.

Ukuta msiukwangue, mtakuta udongo mtupu. Matanga yakishaanuliwa, mtaketi nyote wawili mbele yake. Loisi atachora, Kefa atamwambia aliyoyaona, atamhoji, atambishia, na Loisi atachora tena, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Nchi hii haina chuo kikuu, basi huo ukuta ndio nimewaachia. Na wewe Bashiri, usimpe mmoja wao hata kwato mpaka waje Kondoa pamoja.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto wanaouliza, na subira ya... ya kuwajibu. Nimewabariki. Mkono wangu hauinuki, uinueni ninyi... hivyo.

Kefa. Njoo karibu zaidi. Ulikuwa na miaka saba... ukiketi naye pale kila siku. Nilidhani najua; sijui. Mama yako alikuwa akitazama nini?

Hapana... usiniambie mimi. Mgeukie mdogo wako. Mwambie yeye... nami nitasikiliza.