Maisha ya Nahashon Lelei, Aliyeitangaza Sigara Bila Kuivuta

Ndugu mliokusanyika, haya ni maisha ya Nahashon Kipchirchir Lelei, yanasomwa kwa niaba ya familia na kwa idhini ya mjane wake, Winfred, ambaye ameagiza sehemu ya kazi isomwe yote, hata pale ambapo familia haijaelewana, kwa sababu tangu msiba utokee ameombwa mara mbili aitoe sura ya mumewe itumike, na walioomba ni watu wa pande mbili zinazopingana, naye ameahidi kuwajibu leo kabla jeneza halijatoka kanisani.

Nahashon alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959, Kapsabet, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa karani wa kiwanda cha chai na mama yake mkulima, akabatizwa mwaka huohuo, ingawa dada yake mkubwa, aliyepiga simu jana kutoka nyumbani Kenya, anashikilia kwamba ni mwaka uliofuata.

Alisoma shule ya msingi hapo Kapsabet kuanzia 1966 hadi 1972, na sekondari Eldoret kuanzia 1973 hadi 1976, ambako aliongoza chama cha mdahalo, na waliosoma naye wanamkumbuka kwa jambo moja, kwamba alishinda akiwa upande wowote aliopangiwa na mwalimu, kisha akaenda Nairobi na kupata stashahada ya uuzaji mwaka 1981.

Mwaka 1984 aliajiriwa Nairobi na kampuni ya sigara, idara ya matangazo, akadumu huko miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kuifanya sigara ipokelewe vizuri. Alipaka vioski rangi za kampuni bila kumtoza mwenye kioski chochote, aliandaa kombe la mpira na matamasha ya muziki ambako sigara za bure ziligawiwa mlangoni, na madaktari walipoanza kudai sheria, yeye ndiye aliyewapakia wakulima wa tumbaku kwenye basi na kuwaleta mjini wakaeleze kwamba watakufa njaa, na ndiye aliyewafundisha wenzake jibu la kuwapa waandishi wa habari, kwamba utafiti unaendelea na mtu mzima ajichagulie. Yeye mwenyewe hakuvuta hata siku moja, wala hakuruhusu mgeni avute nyumbani kwake. Alizunguka pia mashuleni na mabango ya kampuni yaliyosema sigara ni ya watu wazima, kazi aliyoihesabu kuwa njema kuliko zote, na Winfred alimwambia mara nyingi kwamba kijana wa miaka kumi na minne hana anachokitamani zaidi ya kuwa mtu mzima, naye akacheka na kusema kampuni ingejua ingemwajiri mke badala ya mume.

Walikutana mwaka 1990, katika hospitali moja ya Eldoret ambako Winfred alikuwa muuguzi wa wodi ya kifua, Nahashon alipoleta tangi la maji lililotolewa na kampuni likiwa na nembo kubwa ubavuni, Winfred akamuuliza mbele ya wageni wa heshima kama wagonjwa wanywe maji au wasome tangazo, na tangi likaishia kuwekwa nembo ikitazama ukuta. Nahashon alisema maisha yake yote kwamba yeye ndiye aliyeagiza ligeuzwe, Winfred anasema mafundi waligeuza kwa sababu bomba lilikuwa upande ule, na hivyo ndivyo walivyofunga ndoa, tarehe 12 Desemba 1992, bila kulimaliza suala hilo. Mungu akawajalia watoto wawili, Chepngetich mwaka 1995 na Kibet mwaka 1999.

Tarehe 11 Agosti 2004 familia ilihamia Toronto, ikapanga ghorofa ya tisa katika Barabara ya Dixon, Winfred akafanya upya mitihani ya uuguzi hadi akapata kazi katika kliniki inayowasaidia watu kuacha sigara, na Nahashon, ambaye hapa hakuna aliyekuwa akimjua, akaingia ghala moja la Rexdale kupakia mizigo ya uwanja wa ndege, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili bila kulalamika, na wenzake wa ghalani, ambao wako hapa, walimwita Mheshimiwa.

Mwaka 2016 rafiki yake Sadrudin, mzaliwa wa Mombasa mwenye duka dogo katika Barabara ya Kipling, alimpeleka kwenye umoja wa wenye maduka ya mtaani, nao wakampa kazi ya kukusanya saini za kupinga sheria ya pakiti za sigara zisizo na nembo, wakisema nembo zikiondolewa magendo yatajaa na maduka yatafungwa. Nahashon aliingia duka baada ya duka, akavaa tai tena, akarudi nyumbani akiimba. Mwaka 2019 Chepngetich alisoma gazetini kwamba fedha za umoja huo zilitoka kwa kampuni ya sigara, akamuuliza baba yake mezani, kwa Kiingereza, kama alijua, na baba akajibu kwa Kiswahili, "Kwani mwenye duka haruhusiwi kuwa na rafiki?" Chepngetich anaamini hilo ni jibu la mtu anayejua. Kibet anaamini ni jibu la mtu aliyeshtuka. Sadrudin, aliyeketi safu ya tatu, alimwambia Winfred juzi, "Mama Chep, mimi naijua duka yangu tu, haya ya juu sikuambiwa, na Nahashon kama aliambiwa hakunipa habari." Winfred ameishi naye miaka thelathini na miwili na anasema hajui.

Mwezi Januari 2024 Nahashon alianza kukohoa, na tarehe 6 Machi 2024 akaambiwa ana saratani ya mapafu. Katika kikao cha kuandaa historia hii wazee walipendekeza tuseme aliugua kwa muda mfupi, kama tulivyozoea, na Winfred akakataa, akisema amewauguza wengi wa muda mfupi na wote walikuwa na ugonjwa wenye jina. Daktari alimuuliza Nahashon kama amewahi kuvuta, akasema hapana, akamuuliza amefanya kazi wapi, naye akazitaja kumbi za Nairobi moja baada ya nyingine, moshi ukiwa umetanda hadi darini, huku akicheka. Daktari akasema moshi wa wengine huongeza hatari, ila kwa mtu mmoja hawezi kuthibitisha. Wakiwa kwenye lifti Nahashon alisema daktari hajui, na Winfred, aliyekuwa chumba kilekile, alisikia daktari akisema inawezekana kabisa.

Mwezi Oktoba maofisa wa umoja walikuja nyumbani, wakamwomba arekodiwe akisema kwamba hakuvuta na bado ameugua, ili watu waone kampeni za afya zinatia chumvi. Wiki hiyohiyo kliniki ya Winfred ikamwomba Nahashon apigwe picha ya bango, kama mfanyakazi aliyevuta moshi wa wengine. Nahashon akawakubalia wote. Winfred alimuuliza, "Baba Chep, sasa utasimama upande gani?" naye akajibu, "Upande wa mapafu, na yenyewe hayajaniambia kitu." Alirekodiwa Jumanne na kupigwa picha Alhamisi, kwenye kochi lilelile, na kabla lolote kati ya hayo halijatoka alifariki dunia, Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, alasiri, mkewe na watoto wake wote wawili wakiwa kando yake.

Winfred anawajibu walioomba hivi. Umoja umeleta maua, yamepokelewa, na rekodi haitaonyeshwa popote. Kliniki inaweza kuitumia picha, kwa sharti kwamba chini yake yaandikwe mambo mawili, kwamba mtu huyu hakuvuta sigara, na kwamba aliitangaza miaka kumi na tisa, na hakuna mwenye ruhusa ya kufuta moja akabakiza jingine. Kliniki ilisema jana kwamba maneno hayo ya pili yatawachanganya wasomaji, na Winfred akajibu kwamba yeye mwenyewe amechanganyikiwa, na bango halitakuwa na hali nzuri kuliko mjane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Dixon waliobeba viti hadi ghorofa ya tisa lifti ilipoharibika, wafanyakazi wenzake wa ghalani, na Sadrudin na mkewe Roshanara, walioleta chakula kila jioni ya msiba na hawakuulizwa lolote.

Nahashon, Winfred hajajua ulikuwa upande gani, na anakuzika akiwa mkeo. Pumzika sasa, baba, na amani ikae nawe.