Kifua Changu na Mpunga wa Wifi

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mtaniwia radhi, nitasema nikiwa nimekaa, maana pumzi niliyobaki nayo naitumia kwa hesabu. Namshukuru Mungu kwamba ninayo.

Mnanijua, mkulima wa mpunga hapa hapa Maparoni. Msimu mmoja nilishikwa na homa, aliyeanika mpunga wangu akawa wifi yangu Mwanaisha, dada wa mume wangu. Mvua ikamkuta, akaufunga kwenye magunia ukiwa bado mbichi. Nilipoyafungua, mpunga umeota ukungu na vumbi lake likanikaba. Wiki chache baadaye nikaanza kukohoa.

Hospitali wakapiga picha, wakaona mabaka kwenye mapafu. Daktari akaniuliza kazi yangu. Nikamweleza habari ya magunia kwa kirefu, tena kwa uchungu. Akasema huenda ni fangasi. Ndugu zangu, nilifurahi! Nilikuwa nimepata ugonjwa na mtu wa kumlaumu. Nikameza dawa za fangasi miezi na miezi. Mwili ukaisha, kanga ikawa inanizunguka mara mbili. Mwanaisha akija kunijulia hali, nageukia ukutani.

Nilichoka. Nilichoka kukohoa, na kununa nako kulinichosha.

Siku moja akaingia bila hodi. "Wifi, ninunie utakavyo, lakini dawa umemaliza na kikohozi kipo palepale. Twende Dar wakakupime upya. Nitakupeleka mimi."

Sikuwa na nguvu ya kukataa. Huko walichukua kinyama kwenye pafu, wakakipima. Daktari akasema, "Mama, hii si fangasi. Ni saratani ya aina adimu, kwenye picha hufanana na fangasi. Ule ukungu wa mpunga haukuileta." Nikamtazama Mwanaisha. Alikuwa analia kwa ajili yangu, wala hakuniambia "umeona?"

Nikapasuliwa, kipande cha pafu kikaondolewa. Bado narudi kliniki, na siku nilizobakishiwa anazijua Mungu. Lakini aliniokoa kwa mkono wa mtu niliyemgeuzia mgongo.

Basi ndugu zangu, dawa ikiisha na kikohozi kikabaki, msiyakumbatie maelezo yenu kama nilivyofanya mimi. Mtegemeeni Mungu, na mrudi mkapimwe tena.

Wifi, nakuona hapo mlangoni. Mwaka huu sitaweza kuanika mpunga wangu. Nakuomba unianikie wewe.