Nywele za Hester Sugden

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, Josiah Holroyd, mdogo wa marehemu, niwasomee historia hii, ambayo marehemu mwenyewe aliikagua akiwa kitandani na kufuta kila neno tamu, kwa hiyo mkiiona kavu msinilaumu mimi.

Hester Sugden, binti Holroyd, alizaliwa tarehe 4 Machi 1829 hapa Harrowclough, Yorkshire, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Abel Holroyd, mfumaji wa sufu, na Mama Tabitha, ambaye tunaye hapa benchi la mbele. Alisoma shule ya kanisa hadi miaka kumi na mitatu, akaachishwa na kupelekwa kiwandani ili kaka yetu Edwin aendelee na masomo, kwa sababu Edwin alikuwa mshairi, na nyumba nzima iliamini kwamba mshairi ni mtu aliyeguswa na mbingu, anayestahili kulishwa na wengine huku yeye akizunguka milimani kusikiliza dhoruba. Hester naye aliamini, akawa anaandika mashairi ya mwezi na maporomoko kwa kumwiga.

Tarehe 9 Novemba 1849 Edwin alifariki kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Mama alikuwa mahututi chumba cha pili, kwa hiyo Hester alimuuguza peke yake siku kumi na saba, akimbadilishia mashuka, akimshikilia kaka yake wakati daktari akimnyoa kichwa ili kupunguza joto, na neno la mwisho la Edwin lilikuwa kuomba maji, yaleyale ya kisima cha uani yaliyomuua. Mama alipopata nafuu aliomba nywele za mwanawe, azitie kwenye lile pambo la kifuani lenye kioo, kama tufanyavyo kwa wafu wetu, lakini zilikuwa zimeshachomwa pamoja na godoro, basi Hester, mwenye nywele za rangi ileile ya shaba, akajificha nyuma ya mlango, akakata zake, akampa.

Mjini ilisemwa kwamba Edwin aliondoka akitazama milima, roho iliyokuwa nzuri mno kwa dunia hii, na hakuna aliyechungulia kisimani, hadi mwaka uliofuata homa ileile ilipochukua watoto sita wa mtaa wetu. Siku alipozikwa wa sita, Hester alitia mashairi yake yote jikoni motoni.

Aliolewa tarehe 2 Juni 1852 na Bwana Enoch Sugden, mwalimu, wakajaliwa Ruth, tuliye naye, na Thomas, aliyefariki akiwa na miezi minane. Mwaka 1856 alitoa riwaya kwa jina la kiume, mchapishaji akimsihi ampe mgonjwa wa humo kitabuni maneno mazuri ya kufia, naye akakataa, akisema aliyekuwepo pale ni yeye. Ndani ya kitabu mlikuwa na kisima, choo kilichovujia kisimani, kichwa kilichonyolewa, na dada aliyekata nywele zake. Mwaka uliofuata kisima kikafungwa.

Mama aliusoma ukurasa wa kifo kile jikoni kwa Hester, akafunga kitabu, akasema, "Umemuua mwanangu mara ya pili."

Hester akamjibu, "Na watoto wa wenzetu je, mama?"

Hawakusemeshana tena kwa miaka kumi na tisa, hata msibani kwa baba walikaa mabenchi tofauti, na jambo hilo lilimuuma Hester kuliko ugonjwa.

Agosti iliyopita aligundulika kuwa na uvimbe wa titi, akafariki Jumanne, tarehe 9 Februari 1875, saa tisa alasiri. Aliagiza isisemwe kwamba alilala kama mtoto. Hakulala, aliumia, alilia, na mara mbili alimwita mama yake, ambaye hakuwepo.

Tunamshukuru daktari, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake wa zamani kiwandani waliombeba leo.

Kama habari za kufa kwake, linalobaki nalo Hester hakulikagua. Jana mama alikuja na mkasi, akakaa na maiti kitambo kirefu, kisha akaurudisha mkasi mfukoni bila kukata kitu. Ruth alipomuuliza sababu, alishika pambo lile kifuani, ambalo hajalivua hata siku moja, akasema, "Zake ninazo, mjukuu wangu. Kichwa kile nimekisuka mimi tangu utotoni, ningekosaje kuzijua siku aliponipa?"

Hester, maumivu yamekwisha, pumzika.