Mwalimu Bado

Mchungaji, wazee wetu, ndugu, majirani na wote mliokuja kumsindikiza mama yetu, poleni na asanteni. Familia imenipa mimi, mwanawe wa tatu, kazi ya kusoma historia hii, dada na kaka wakidai eti mimi ndiye mwenye sauti, ingawa najua wanaogopa kulia mbele za watu, na mimi nitalia vilevile, mnivumilie.

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Februari 1949, kitinda mimba wa fundi seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, alijifunza kutambaa juu ya maranda. Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza sekondari mwaka 1967, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha ualimu, akafaulu masomo yote isipokuwa kuimba, maana tuseme ukweli, sauti yake ilikuwa ya kufukuzia kunguru.

Januari 1971 alipewa darasa la chekechea la kanisa, chumba kimoja chenye madirisha manne na viti vidogo vya bluu alivyovichonga babu, na hakuliacha darasa hilo mpaka alipostaafu tarehe 30 Novemba 2009. Sheria ya darasa ilikuwa moja tu, sala ikianza macho yanafumbwa, na hayafumbuliwi mpaka Mwalimu aseme amina.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, fundi redio, aliyetutangulia mwaka 2011, na ambaye alizoea kusema kwamba ametengeneza redio maisha yake yote ila ile ya nyumbani hajaona pa kuizimia. Walijaliwa dada mwaka 1976, kaka mwaka 1979, na mimi mwaka 1987, nikiwa tayari na miaka sita na meno mawili pungufu, na hilo lina maelezo yake.

Jumanne tarehe 9 Juni 1987 vita viliingia mjini kwetu tukiwa darasani, watoto ishirini na watatu, risasi zikalia tangu saa tatu asubuhi, zikanyamaza karibu na saa sita, ndipo mlinzi wa shule akaja kumwambia mama kwamba njia ya kwenda hospitali ya misheni iko wazi kwa muda, kilomita mbili na nusu, kisha akamvuta pembeni, "Lakini Mwalimu, barabara ile si ya kuonyesha watoto." Mama akafungua kamba ya kuanikia nguo, akatupanga tuishike mmoja nyuma ya mwingine, mlinzi akakaa mwisho, mama akatuambia, "Leo tutaomba tukitembea, sheria ni ileile," na sisi tukafumba, wala hakuna aliyeuliza kwa nini, kwani si Mwalimu kasema?

Alimshukuru Mungu kwa kila mmoja wetu kwa jina lake, kisha kwa uji, kwa kalamu za rangi, kwa paka wa mlinzi, na shukrani zilipomwishia akashukuru kwa vifungo, kwa kuwa bila vifungo mashati yetu yangepeperuka, na kila mtoto alipouliza, "Mwalimu, tayari amina?" alijibu, "Bado, Mungu bado anasikiliza," na hilo ndilo jina mlilomjua nalo. Tulipofika alikaa sakafuni akasahau kabisa, mpaka muuguzi alipoleta maji akakuta watoto wamejipanga ukutani, wote macho wamefumba, akashangaa, "Jamani, hawa vipi?" ndipo mama akasema amina. Wiki ile wazazi walikuja mmoja mmoja kuchukua watoto wao, wangu hawakuja wiki ile wala baadaye, na mwezi Agosti mama na baba wakanifanya mtoto wao.

Lakini ndugu zangu, sala ile ilimsumbua. Alimwendea mchungaji wa wakati ule akamwambia kwamba amewahadaa watoto waliomwamini, amemfanya Mungu kitambaa cha kuwafungia macho, na yeye mwenyewe aliomba macho wazi, mchungaji akamjibu, "Mwalimu, lazima mmoja aangalie njia," naye hakuridhika. Kilichobaki kumpa moyo ni kwamba hakuna mtoto aliyeona, kwa hiyo kila mara aliniuliza kama kuna aliyechungulia, aliniuliza utotoni, akaniuliza hata siku ya harusi yangu nikiwa na keki mdomoni, na kila mara nilimjibu, "Hakuna, Mama," na nilikuwa naongopa.

Machi 2023 aligundulika na maradhi ya figo, na tarehe 28 Julai 2024 akalazwa hospitali ileile ya misheni. Jumamosi iliyopita, mchana, aliniuliza tena, na safari hii ulimi ulikataa kuongopa. Nikamwambia, "Mama, mimi nilichungulia, shati langu lilikatika kifungo, uliposhukuru kwa vifungo nikaogopa Mungu ataona." Akanishika mkono kwa nguvu, akauliza, "Ukaona nini, mwanangu?" Nikamwambia ukweli mtupu, "Nilikuona wewe. Nilikuwa wa kwanza kwenye kamba, nikainua macho, nikakuona unalia lakini sauti yako hailii, nikaona unaangalia njia, basi nikayafumba tena."

Akasema, "Kumbe umenidanganya miaka thelathini na saba, mjinga wewe," akacheka mpaka muuguzi akaja, akalala usingizi mzuri. Alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 11 Agosti 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa upole wao, majirani waliomfulia na kumpikia bila kuombwa, walimu wenzake, na mlinzi wetu, ambaye leo ni mzee na bado amekaa mwisho wa mstari. Ameacha watoto watatu, wajukuu sita, na ninyi wenzangu wa kamba ile, naona mmekaa mmoja nyuma ya mwingine, mazoea hayo.

Mama, umetuangalizia njia siku nyingi, sasa ni zamu yako kufumba macho, na sisi ndio tutakaoangalia. Pumzika kwa amani, Mwalimu Bado. Tayari. Amina.